Mwaka Tulipong'oa Lengalenga

Nathalie na Trésor, mmenirithi bustani ya shule, makopo manne ya kumwagilia, kompyuta ambayo herufi E imezama ndani ya kibodi, na urafiki na shule moja ya Austria. Bustani na makopo mtavielewa wenyewe. Kompyuta haieleweki, jaribuni kuandika barua ya Kifaransa bila E ndipo mjue kwa nini barua zangu zilikuwa fupi. Urafiki ndio unaohitaji maelezo. Mimi ni mstaafu wa wiki tatu sasa, na mke wangu amekwisha niambia mara mbili kwamba nazuia njia ya jikoni, basi nimekaa chini niandike.

Naandika Kiswahili cha darasani, kile tulichosahihishiwa kwa wino mwekundu. Lakini watu wa Katuba, mtaa wetu huu wa Lubumbashi, nitawaacha waseme wanavyosema. Nikiwasahihisha hamtawatambua.

Ninyi mmesoma kilimo chuoni. Mimi nilisoma biolojia, na baba yangu alikuwa Mkasai muuza vitambaa aliyeamini kwamba udongo ni kitu cha kukung'uta viatuni kabla ya kuingia nyumbani. Nilikuwa sijawahi kushika jembe. Barua ya Austria ilipofika shuleni ilikuwa imeandikwa kwa "mwalimu wa kilimo". Walitaka shule rafiki, wanafunzi wao na wetu walime pamoja kwa njia isiyochosha ardhi, waandikiane, na siku moja watembeleane. Prefe wa wakati ule, yaani mkuu wa shule, mtu mnene aliyevaa tai hata siku ya kufagia uwanja, aliniita ofisini.

"Hatuna mwalimu wa kilimo," nikamwambia.

"Prof Mukendi, biolojia iko nini? Haina majani?"

"Majani yamo, Prefe."

"Basi, njo weye."

Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa. Wiki iliyofuata nilipanda karoti pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Nilipima mistari kwa rula ya ubaoni. Zilipoota nikaona zimesongamana, na kwa kuwa kitabu kilisema miche hupandikizwa, nikaanza kuzing'oa moja moja na kuzihamisha. Nyuma ya ukuta wa shule kuna kijito, na kando yake alikuwa analima mama mmoja, muuza mboga wa soko la Katuba. Alikuwa amepanda juu ya tofali ili atuone vizuri. Alituangalia muda mrefu, kama mtu anayetazama mechi ya timu isiyo yake.

"Prof," akasema mwishowe, "ile karoti inakukosea nini?"

"Nazipandikiza, mama."

"Hii haiko kabichi! Karoti ukiihamisha inakunja miguu. Utavuna bibuibui."

Tulivuna buibui kweli. Karoti moja ilikuwa na miguu sita, na wanafunzi waliipa jina la Prefe. Siku ya mavuno nilizunguka ukuta, nikampelekea mama yule ile yenye miguu sita, nikamwomba anifundishe. Jina lake lilikuwa Mama Ngoie. Hakuwahi kumaliza shule ya msingi, na katika miaka yangu yote ya kazi sikupata mwalimu mkali kuliko yeye.

Kila Jumatano alikuja na jembe lake mwenyewe, kwa sababu aliyadharau ya kwetu. Alitutobolea makopo ya rangi kwa msumari yakawa vimwagilio. Alituonyesha kubomoa kichuguu, ambacho huku tunakiita kisugulu, na kuchanganya udongo wake na samadi. Aliwakataza wanafunzi kumwagilia jua likiwa kali, na aliyekaidi alipewa kazi ya kubeba samadi. Mimi mwenyewe niliibeba mara mbili. Wanafunzi wakaanza kumwita Prof wa pili. Akawajibu, "Wa pili ni huyu wenu wa karoti."

Mazungumzo ya kwanza na Austria kupitia kompyuta yalichukua dakika nane, kisha umeme ukakatika. Lakini dakika nane zilitosha. Shule yao ilikuwa katika kijiji cha vilima vya mizabibu, na wanafunzi walijifunza Kifaransa, kwa hiyo tulielewana nusu, ambayo ni zaidi ya wanavyoelewana watu wengi. Mwalimu wao, Annelies, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza ni wanyama gani waharibifu wanaotusumbua. Wao walisumbuliwa na konokono. Msichana mmoja wa kwetu, Béatrice, akainuka. Béatrice alikuwa na miaka kumi na mitano, mwenye tabia ya kujibu swali lililoulizwa badala ya lile ulilotamani liulizwe.

"Mbuzi wa Prefe," alisema.

Prefe alikuwa amesimama nyuma yangu, na tai yake. Annelies aliandika. Katika ripoti ya pamoja ya mwaka ule, ambayo ilisomwa katika nchi mbili, chini ya kichwa cha waharibifu, imeandikwa: Austria, konokono; Lubumbashi, mbuzi wa Mheshimiwa Prefe. Mbuzi alifungwa kamba siku iyo hiyo. Msidharau nguvu ya ushirikiano wa kimataifa.

Miaka miwili ilipita hivyo. Tulibadilishana mbegu za maharage, barua, picha za mboji. Kisha habari ikaja kwamba wanafunzi sita wa Austria wangekuja na Annelies kukaa nasi siku kumi, na Prefe akataka bustani kubwa zaidi. Kulikuwa na shimo refu upande wa chini wa uwanja, lililojaa maji wakati wa mvua. Siku moja likaja lori la udongo mweusi, mzuri kwa macho, laini kama unga wa kahawa. Dereva alisema ni zawadi ya mtu anayependa elimu. Nilisaini karatasi ya kupokea. Sikuuliza umechimbwa wapi. Katika mji ambao nusu ya ardhi imewahi kupita kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, mwalimu wa biolojia hakuuliza. Yalikuja malori matatu, nikasaini mara tatu.

Shimo lilipojaa tulipanda humo lengalenga, ile ambayo Watanzania huita mchicha. Mwanzoni iliota na rangi ya njano, kisha ikachangamka. Mama Ngoie alisugua jani lake kati ya vidole, akasema iko muzuri. Tukaanza kuipika. Mara tatu kwa wiki, wanafunzi wa zamu walikula bukari, yaani ugali, na lengalenga ya shuleni, na walioshinda njaa nyumbani walijifanya ni wa zamu hata siku isiyo yao. Tuliwaacha.

Sehemu moja ya mradi ilikuwa kupima udongo. Kila shule ipeleke sampuli maabara, kisha tulinganishe. Nilimpa Béatrice mifuko na kumwambia achukue kwenye matuta ya juu, yale ya kisugulu, maana niliyapenda na nilitaka tupate sifa.

"Na ya chini, Prof?"

"Ya juu yanatosha."

"Lakini chakula tunakula ya chini."

"Béatrice, chukua ya juu."

Alichukua ya juu. Akachukua na ya chini, akaandika lebo kwa mwandiko wake mnyoofu, akaipeleka yote. Sikujua mpaka fundi wa maabara aliponipigia simu, siku tano kabla ya wageni kufika. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

"Prof, huu udongo wa mufuko wa pili mulitoa wapi?"

"Bustanini kwetu. Kuna nini?"

"Shaba, kobalti, na risasi mingi sana. Huu ni udongo wa takataka ya kiwanda." Nikasikia akigeuza karatasi. "Kuna muntu anakula kintu pale?"

Nilimshukuru. Watu hufanya mambo ya ajabu wakipigwa na habari. Mimi nilimaliza kusahihisha mtihani uliokuwa mbele yangu na nikampa mtoto yule alama moja zaidi ya alizostahili. Kisha nikapitia maabara kuchukua karatasi ya matokeo, nikaenda kwa Prefe.

Alisoma karatasi mara mbili. Alilegeza tai, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Bageni banafika siku ya tano," alisema. "Tusimamishe kupika, polepole. Tuseme jiko limeharibika. Bakiisha kwenda, tutaita bazazi ba batoto."

Nataka mjue nilikubali. Sikusema ndiyo, lakini nilitikisa kichwa, na kichwa kikitikiswa ofisini ni sahihi. Niliwaza picha zetu, ripoti zetu, Annelies na watoto wake sita wakishuka uwanja wa ndege. Niliwaza zile sahihi tatu. Nilitoka nikijiambia kwamba siku kumi na tano si nyingi.

Mama Ngoie alikuwa bustanini, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafunga lengalenga mafungu kwa ajili ya jiko la kesho. Nilimweleza. Nilitegemea acheke, au aniite jina. Aliendelea kufunga fungu alilokuwa nalo mpaka likaisha, akaliweka chini.

"Mi nilisema iko muzuri," alisema.

"Hakuna jicho linaloweza kuona hayo, Mama Ngoie."

"Nilikula. Nilipelekea na bajukuu yangu." Akaangalia mikono yake. "Prefe anasema nini?"

Nikamwambia habari ya jiko lililoharibika.

"Na weye?"

Alinitazama kama siku ile ya karoti, ila sasa hakukuwa na kicheko.

"Prof, batoto balikula. Bamama yabo banapashwa kujua leo. Kama unaogopa, nitaenda mi, nyumba kwa nyumba. Lakini mi sijue kusoma ile karatasi. Batasema Mama Ngoie anatafuta batu banunue mboga yake."

Nilirudi ofisini. Sitawadanganya kwamba nilitoa hotuba. Nilimwambia Prefe kwamba Béatrice anajua, kwa kuwa sampuli ni zake na matokeo atayauliza, na kwamba Béatrice akiulizwa hujibu. Prefe alifikiri juu ya mbuzi wake. Aliita mkutano wa wazazi kesho yake, saa tisa alasiri.

Darasa kubwa lilijaa mpaka madirishani. Nilisoma karatasi, nikasema udongo ulitoka wapi kadiri tunavyojua, yaani hatujui, na kwamba aliyesaini ni mimi. Kelele ilianza nyuma ikaja mbele kama mvua juu ya mabati. Mama mmoja alinielekezea kidole akasema, "Mutoto wangu alikuwa anaongeza chakula mara mbili! Alikuwa anasema, mama, ku masomo banatupenda!" Hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi, na matusi yalikuwepo ya lugha nne.

Katikati ya fujo baba mmoja, mchimbaji mdogo wa upande wa Kipushi, aliinua mkono kwa heshima kubwa.

"Prof, samahani. Ile shaba, iko mingi namna gani?"

"Mingi mno kwa mboga."

"Ndiyo, lakini kwa kuchimba?"

Darasa zima likalipuka kucheka, hata yule mama aliyenielekezea kidole, huku anafuta machozi. Hasira haikuisha. Ila tangu hapo tuliweza kuongea. Mama Ngoie alisimama akasema yeye ndiye aliyesugua lile jani, na wajukuu wake wamekula, na kesho asubuhi anawapeleka kwa daktari, anayetaka waende pamoja. Walikwenda msafara, nami nyuma yao. Daktari aliwapima wote kwa siku mbili. Alisema hakuna anayeonekana kuugua, kwamba muda wa kula ulikuwa mfupi, na kwamba watoto warudi kila baada ya miezi mitatu aendelee kuwaangalia. Nilikwenda nao kila mara. Mara ya mwisho alisema wote wako salama, tusirudi tena.

Siku moja kabla ya wageni tuling'oa lengalenga yote. Wanafunzi walivaa mifuko ya plastiki mikononi. Tulijaza magunia, tukayafungia boharini, na Béatrice akachomeka ubao: HAPA HATULI.

Annelies na watoto wake walishuka kwenye gari wakiwa na zawadi, kofia, na krimu nyeupe puani. Barua zetu zilikuwa zimewaahidi karamu ya mavuno. Waliona uwanja mtupu mweusi na ubao. Nilikuwa nimeandaa maneno ya Kifaransa kwa usiku mbili, yenye "hali isiyotarajiwa" mara nne. Béatrice alinitangulia.

"Karibuni," aliwaambia. "Bustani yetu ina sumu. Tulijua juma hili. Ile ya juu ni nzuri, lakini ni ndogo. Mna viatu vya kufanyia kazi?"

Annelies aliniangalia. Nilitikisa kichwa, safari hii kwa sababu nzuri zaidi.

Walikuwa na viatu. Kwa siku kumi watoto sita wa Austria na thelathini wa Katuba walibomoa visugulu viwili, kila kimoja kikubwa kama nyumba ya chumba kimoja, baada ya maabara kupima udongo wake kwanza. Tulijenga matuta ya matofali upande wa juu. Mama Ngoie aliwasimamia kwa Kiswahili tu, akaamini kwamba ukisema polepole na kwa sauti kubwa kila mtu anaelewa. Siku ya pili kijana mmoja wa kwao, Lukas, alimwagilia miche saa sita mchana. Siku ya tatu Lukas alibeba samadi. Mama Ngoie alieleweka kabisa. Prefe alikuja siku ya nne, akavua tai, akaikunja mfukoni, akashika koleo, na hakuna aliyethubutu kupiga picha. Shimo la chini tulilizungushia seng'enge; udongo ulikuja kuchukuliwa na wataalamu baadaye, kwa barua nyingi ambazo nilizisoma kabla ya kusaini.

Jioni ya mwisho Annelies alikuwa ananawa miguu kwenye bomba. Aliniuliza maabara ilipima nini hasa. Nikamtajia. Nilipofika kwenye shaba aliacha maji yakimwagika.

"Bustani ya shule yetu," alisema taratibu, "ilikuwa shamba la mizabibu. Babu zetu waliipulizia mizabibu dawa ya bluu dhidi ya ukungu. Kila mwaka. Ile dawa ni shaba."

"Mlipima?"

"Tulichukua sampuli kwenye matuta mazuri."

Sikucheka. Nilitamani, lakini sikuwa na haki.

Miezi miwili baadaye aliandika. Walikuwa wamepima bustani yote, na sehemu ya zamani ilikuwa na shaba kiasi cha kutisha wazazi. Mkuu wao wa shule, ambaye nahisi pia huvaa tai, alitaka wangoje sherehe ya shule ipite. Safari yetu ya kwenda kwao ilikuwa imepangwa majira yale yale. Annelies aliuliza kama tungekubali kuja mapema kwa wiki moja, ili tuwepo kwenye mkutano wa wazazi kabla ya sherehe.

Tulikwenda watano: mimi, wanafunzi watatu, Béatrice akiwa mmoja wao, na Mama Ngoie. Ofisa wa viza alimwuliza anakwenda kufanya nini Ulaya. Alijibu, "Kuangalia udongo," na ofisa akamwuliza tena, naye akajibu tena, kwa sauti kubwa na polepole. Alipata. Ndegeni alikataa kuvua koti kutoka Lubumbashi hadi mwisho, akisema baridi iko inatungojea, tusijifanye.

Wazazi wa kijiji kile walikusanyika katika ukumbi wenye harufu ya nta. Walikaa wima. Annelies alisoma karatasi nzima. Hakuna aliyepiga kelele, na nakuambieni, kimya kile kilikuwa kibaya kuliko matusi yetu ya lugha nne. Kisha bibi mmoja mzee wa mstari wa mbele, mke wa mkulima wa zabibu, alituelekea sisi wageni. Annelies akatafsiri: anauliza kama ni kweli hata kwenu ilitokea, na kama watu walikasirika.

Béatrice alisimama.

"Sana," alisema.

"Mkafanya nini?"

Nilidhani angeeleza habari ya maabara, daktari, matuta. Aligeuka kwanza kwa Mama Ngoie, akamtafsiria swali kwa Kiswahili chetu. Mama Ngoie, ndani ya koti lake, alifikiri kidogo.

"Baambie tulibaki," alisema. "Balipiga makelele, siye tukabaki ndani, mpaka kila muntu akamaliza yake. Kisha tukashika jembe."

Béatrice akasema kwa Kifaransa, Annelies akasema kwa Kijerumani. Yule bibi alitikisa kichwa kukubali mara kadhaa. Akavua kofia yake, akaiweka mapajani, akamgeukia mkuu wa shule na kuanza kuongea. Sikuelewa neno hata moja. Ilikuwa sauti kubwa sana, na wengine wakaanza kuinuka nyuma yake, na mkuu wa shule akainuka pia akitazama mlango.

"Kaa, papa," Mama Ngoie alimwambia mkuu huyo kwa Kiswahili, akimvutia kiti. "Ndiyo banaanza."

Akakaa.